EDTA ya unga kwa mifupa ya panya: uzoefu wangu maabara

Kama unaandaa mifupa midogo kwa ajili ya hadubini na hakuna anayekudai majibu kesho asubuhi, na unataka kuitoa kalsiamu ilainike ikatike, nunua EDTA ya unga, kemikali inayonasa kalsiamu, achana na dawa ya chupa yenye asidi kali. Niko kwenye maabara ya histolojia, yaani uchunguzi wa tishu, hapa Kampala, kazi yangu kubwa ni mifupa ya paja ya panya, na nimeshatumia zote mbili.

Dawa ya chupa, ile yenye asidi ya haidrokloriki, ina kasi kweli. Mfupa wa panya mdogo hulainika kwa saa chache. Balaa unalikuta kwenye rangi: hematoksilini, rangi ya viini, inakataa kushika, viini vya seli vinafifia, uboho wote unabaki waridi. Tena fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, isiposuuzwa vizuri kabla ya mfupa kuingia kwenye asidi hiyo, viwili hivyo vinaweza kutengeneza kemikali inayosababisha saratani. Lebo ya chupa niliyouziwa haikugusia jambo hilo hata kidogo.

EDTA haiyeyushi mfupa kwa ukali. Inanasa kalsiamu taratibu. Viini vinabaki wazi, gegedu la ukuaji linasomeka, na hata vimeng'enya vya osteoklasti (seli zinazomumunya mfupa), ambavyo asidi huviua, bado unaweza kuvipaka rangi. Kwangu hapo ndipo pesa ilipojilipa.

Ila kuikoroga kunahitaji subira. Nachanganya gramu 140 kwa lita moja, na mwanzoni unga unatuama chini kama unga wa muhogo kwenye maji baridi. Ongeza haidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo huku ukikoroga. pH, kipimo cha uasidi, inavyopanda ndivyo maji yanavyokuwa angavu. Malizia kwenye 7.2 hadi 7.4. Mfupa wenyewe uwe umekwisha kaa kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa saa 24 hadi 48, nyama imetolewa, kwa sababu EDTA haihifadhi kitu.

Baada ya hapo ni kungoja. Paja la panya mdogo huchukua kama wiki mbili, la panya mkubwa wa maabara linaweza kupita mwezi, nawe unabadilisha maji ya EDTA kila baada ya siku mbili tatu. Joto la nyuzi 37 huharakisha, lakini mimi huacha mezani tu. Umeme ukikatika, na hukatika, kazi haiharibiki.

Kujua kama mfupa umeiva, usiuchome sindano. Tundu utaliona baadaye kwenye kioo. Kipimo cha oksaleti, cha kutafuta kalsiamu kwenye maji hayo, nacho hudanganya hapa, kwa kuwa kalsiamu imeshikiliwa na EDTA yenyewe, hadi uitie asidi kwanza pH ishuke kwenye 3 na kitu. Picha ya eksirei ndiyo ya kuaminika, na jirani mwenye mashine ya wanyama huwa hakatai ukimwomba vizuri.

Naipa nyota nne. Ya tano imepotelea kwenye kopo: halikuandikwa kama ni EDTA ya disodiamu (chumvi yake) au ile ya asidi tupu, na ya asidi tupu ni mbishi zaidi kuyeyuka na hula haidroksidi nyingi. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela.