Miezi minane na transfoma ya kushusha umeme: uzoefu wangu, Kirumba, Mwanza

Ninashona nguo Kirumba, si mbali na Mwaloni, na kwa miezi minane sasa cherehani yangu imekuwa ikitumia umeme unaopitia transfoma ya kushusha volti 230 hadi 115, yenye uwezo wa wati 1,000. Niliinunua katikati ya jiji baada ya kuunguza kifaa kingine ambacho dada yangu anayeishi Marekani alikuwa amenitumia pamoja na cherehani hiyo.

Kifaa chenyewe kilikuwa draya ya mkono ya kukaushia nywele. Muuza duka mmoja aliniuzia adapta na kunihakikishia kwamba inatosha, nami nikamwamini. Nilipowasha, koili za ndani ziliiva nyekundu, harufu ya plastiki ikajaa chumba, na baada ya sekunde chache draya ikazima moja kwa moja. Adapta ilikuwa imebadili umbo la pini tu. Umeme ulioingia ulikuwa uleule wetu wa volti 230, ilhali draya ilitengenezwa kwa volti 120. Fundi umeme niliyemwita alinieleza jambo ambalo sikuwa nalijua: volti zikikaribia kuongezeka maradufu, mkondo nao huongezeka, kwa hiyo kifaa cha kupasha joto hufikia karibu mara nne ya nguvu yake ya kawaida. Draya ile iliandikwa wati 1,875, na nilipopiga hesabu nilipata zaidi ya 6,000. Ninashukuru kwamba mwanangu hakuwa ameishika.

Kwa cherehani, transfoma imenifaa sana. Mota yake haifiki wati 100, hivyo hata nikishona sare za shule kutwa nzima, transfoma huwa vuguvugu tu. Tofauti ya hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), 50 za kwetu na 60 za Marekani, haijaisumbua, kwa kuwa mota ya aina hii huzunguka bila kufuata hezi za umeme. Saa ya mezani ya kizamani niliyoletewa baadaye ilikuwa kinyume chake: ilichelewa dakika kumi kila saa, na hakuna transfoma ya kawaida inayoweza kurekebisha hilo.

Kasoro zake zipo. Ni nzito, huvuma kwa sauti ya chini, na hula umeme kidogo hata pasipokuwa na kifaa kinachofanya kazi, kwa hiyo ninaizima kwenye soketi kila ninapofunga kazi. Kubwa zaidi ni kwamba haitulizi umeme. Fundi alipoipima kwa multimita mchana, upande wa kuingilia ulionyesha volti 228 na wa kutokea 114. Jioni moja umeme ulipopungua hadi 196, upande wa kutokea ulishuka hadi 98, na cherehani ikazorota. Anayetaka umeme usioyumba anahitaji pia stabilaiza. Vilevile, yangu ni ya koili moja inayotumiwa na pande zote mbili, maana yake haitenganishi kifaa na umeme wa ukutani, na hitilafu ya koili inaweza kupitisha volti 230 zote. Kwa sababu hiyo nilimwomba fundi ahakikishe kwamba waya wa ethi wa soketi umeunganishwa kweli, na kwamba plagi ina fyuzi inayolingana na transfoma.

Chaja ya kompyuta aliyonipa dada haikuhitaji haya yote. Kibandiko chake kinasema 100–240V, 50/60Hz, nami ninaichomeka kwa adapta pekee bila wasiwasi.

Siku hizi dada hunipigia picha ya kibandiko kabla ya kufunga mzigo. Wiki iliyopita ilikuwa ya pasi: 120V, wati 1,700. Nilimwomba aiache hukohuko, nami nikanunua ya volti 230 hapa Mwanza.