Mkopo wa nyumba, tawi la mjini Tanga: nyota 3 kati ya 5

Jina la benki naliacha, ila wa Tanga mtalijua. Mimi ni mwalimu, miaka 46, nyumba yangu iko Mikanjuni. Niliomba milioni 38 kwa miaka 14, yaani deni liishe nikifika 60, siku ya kustaafu kwa lazima. Makato ni shilingi 542,000 kila mwezi, na theluthi ya mshahara inabaki kama sheria inavyotaka. Inabaki, ndiyo, lakini usiniulize kuhusu nyama.

Dada wa dirishani ni mpole sana. Tatizo faili: lilirudishwa mara tatu, mara ya mwisho kwa sababu mke wangu hakusaini ridhaa. Hapo nawatetea, maana nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani kienyeji. Sasa si wangesema siku ya kwanza? Gharama za mthamini, wakili na bima nazo nilizijua kwa awamu, kama maji ya bomba ya Ngamiani enzi zile.

Kilichonikera zaidi ni ushauri. Ofisa aliniambia, "Mwalimu, chukua kubwa, kiinua mgongo kitamalizia." Nikamkumbusha kikokotoo cha Julai 2022, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu: wakati huo mkupuo, yaani fedha unayolipwa mara moja, ulikuwa asilimia 33 ya mafao, kinachobaki ni pensheni ya kila mwezi. Alicheka. Mzee wangu alijenga Makorora kwa mkupuo wake. Mimi huo wangu nimeshaupangia matibabu ya mama. Nikabaki na 38 yangu.

Ukienda, nenda Jumanne asubuhi. Foleni ni fupi.