Lenzi ya 50mm ao zumu ya 18-55, gani njo mzuri?

Hii mabishano haiishake hapa Goma kwa benye kuanza foto. Kwanza muelewe: zumu ni lenzi yenye milimita zinabadilika, hapa kutoka 18 mpaka 55, lakini 50mm inabaki palepale; milimita zikiwa kidogo apareyi inaona eneo kubwa, zikiongezeka inavuta karibu na inakata pembeni. Kwa bei zumu inashinda, mara mingi inakuyaka pamoja na apareyi, na mu salo ndogo ukiweka 18 familia yote inaingia, lakini 50 itakusukuma mpaka mgongo ugonge ukuta na bado shangazi wa pembeni anakatwa (kwa apareyi za APS-C, zenye sensa ndogo, ni kusema kile kipande cha ndani kinapokea picha, 50 inaona kama 75 ao 80). Ila usiku umeme ukikatika, 50 ya f/1.8 (f inaonyesha tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa) inapata mwangaza karibu mara 10 kuliko zumu kwenye f/5.6, na nyuma ya mtu inakuwa ukungu safi kabisa. Vumbi nyeusi ya volkano? Zumu ikirefuka inaweza kuivuta ndani, na kila mara ukibadilisha lenzi vumbi inatafuta sensa, hapo sioni mshindi, mununue pampu ya kupuliza. Unapigaka arusi na vikundi, baki na zumu; unapigaka sura za watu jioni, tafuta 50, hata ya okazio, mradi kioo hakina fangasi.