Upanga wa Kizungu wa Zama za Kati kwa Bei Nafuu: Uliza Unene Kwanza

Lalamiko ni lile lile. Mtu kanunua upanga kwa ajili ya mkusanyo wake. Picha ilipendeza, uzito ulioandikwa ni kilo 1.4, chuma ni cha kaboni, msuka (ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini) umepita mpaka mwisho wa mpini. Mzigo unafika, anauinua, na anahisi ameshika mtaimbo. Anamwandikia muuzaji, anajibiwa kwamba panga za zamani zilikuwa nzito. Uongo. Upanga wa mkono mmoja wa karne ya 12 au 13 kwa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.4, na waliokuwa wakiubeba walikuwa wakiishi kwa huo.

Kinachomsumbua mnunuzi huyu mara nyingi si uzito wenyewe. Ni bapa lenye unene ule ule kuanzia mpinini hadi nchani. Milimita 5 mwanzo, milimita 5 katikati, milimita 4 na nusu karibu na ncha. Tangazo halikumwambia hivyo, kwa sababu matangazo karibu yote hutaja urefu, upana na uzito, kisha hunyamaza.

Habari za msuka mzima, chuma cha kaboni na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa nitaziacha, zimeandikwa kila mahali. Itoshe kusema kwamba chuma kisichoshika kutu hakifai kwa bapa refu, na kwamba 5160, chuma kinachopendwa na wengi, ni cha jamaa ya springi za gari, zile zile ambazo wahunzi wetu wanafulia panga na majembe. Hapa tutazungumzia unene.

Unene unavyotakiwa kuwa

Upanga halisi wa kukatia, zile aina ambazo Mwingereza Ewart Oakeshott alizipa namba X, XI na XII katika ainisho lake, ulianza na milimita 4 hadi 6 kwenye kinga (ule msalaba wa chuma unaotenga mpini na bapa) na kushuka polepole hadi milimita 2 au 2 na nusu karibu na ncha. Haukushuka kwa kipimo kimoja mwendo mzima. Nyingi hupoteza unene haraka katika theluthi ya kwanza, kisha hutulia, kisha humalizia wembamba mwishoni. Mhunzi alikuwa akiufua upanga kwa nyundo, na kupunguza chuma kuelekea ncha hakukumgharimu chochote cha ziada. Kulimwokolea chuma, na enzi zile chuma kilikuwa ghali.

Karakana ya leo inafanya kazi kinyume. Inaanza na bamba bapa la milimita 5 au 6 kutoka kiwandani. Kukata umbo la upanga kwenye bamba hilo ni kazi ya mashine ya dakika chache, kwa hiyo upanga unaopungua upana kuelekea ncha ni rahisi kuutoa. Kupunguza unene ni kusaga kwa mkono, pande zote mbili, mikanda ya kusagia inaisha, bapa linapata joto, na fundi akizidisha mahali pamoja kazi yote imeharibika. Karakana inayotaka kuuza kwa bei ya chini inaanza kubana hapo, kwa sababu kwenye picha ya mbele hakuna atakayegundua.

Kisha linakuja tatizo la pili. Bapa nene linasukuma uzito mbele, kwa hiyo sehemu ya mizani, yaani pale upanga unapotulia ukiuweka juu ya kidole, inaenda mbali na mkono. Ili kuirudisha, karakana inaweka kirungu kikubwa zaidi mwishoni mwa mpini. Sasa tangazo linaweza kusema kwa fahari kwamba mizani iko sentimita 10 kutoka kwenye kinga, na ni kweli. Lakini kuna uzito uliojazana kwenye ncha na mwingine uliojazana kwenye kirungu, na upanga wa namna hiyo unakataa kuanza kugeuka na ukishaanza unakataa kusimama. Panga mbili zenye uzito sawa na mizani sawa zinaweza kutofautiana kabisa mkononi. Ndiyo maana namba ya mizani pekee usiiamini.

Namna ya kupima

Mwombe muuzaji vipimo vitatu vilivyochukuliwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene): kwenye kinga, katikati ya bapa, na sentimita 10 kabla ya ncha. Kama bapa lina mfereji (bonde refu lililochongwa katikati yake), kipimo kichukuliwe kwenye ukingo wa mfereji, si ndani yake. Kama ni la umbo la almasi, kichukuliwe juu ya mgongo. Akikujibu "takriban milimita 5" bila kutaja wapi, hajapima.

Asipokuwa na kalipa, omba picha ya upanga uliolazwa na kupigwa ubavuni, makali yakitazama kamera, kuanzia kinga hadi ncha. Picha hiyo ndiyo wanaoificha. Tazama mstari wa chuma: ukiona unene wa nchani unalingana na wa mpinini, umepata jibu lako. Tazama pia mfereji kwenye picha ya mbele. Kwenye bapa lililopunguzwa vizuri, mfereji huwa unapungua kina na kufifia taratibu. Kwenye bamba lililosagwa kwa haraka, mara nyingi unakatika ghafla kwa alama ya duara ya jiwe la kusagia. (Na mfereji haukuwekwa kwa ajili ya kupitisha damu. Unapunguza uzito huku bapa likibaki gumu kupinda. Muuzaji anayeuita mfereji wa damu anakuuzia hadithi.)

Upanga ukishafika, na kabla muda wa kurudisha haujaisha, fanya jaribio hili. Ning'iniza upanga ncha ikitazama chini, umeushika kwa kidole gumba na cha shahada tu pale mpini unapokutana na kinga. Tikisa mkono kushoto na kulia, haraka na kwa hatua fupi. Kuna mahali kwenye bapa patakapokaa kimya wakati sehemu za juu na chini zinacheza. Kwenye upanga mzuri wa kukatia, mahali hapo pako karibu na ncha. Pakiwa karibu na katikati, uzito haujagawanywa vizuri. Pasipoonekana kabisa kwenye bapa, shuku kirungu.

Kuna aina ambazo kanuni hii inalegea. Aina ya XV na XVIII, zile zilizochongoka sana kwa ajili ya kuchoma kati ya viungo vya deraya za karne ya 14 na 15, zilihitaji ncha ngumu. Huko milimita 4 karibu na ncha si kosa, ilimradi mwanzo ni mnene zaidi, milimita 6 au 7. Panga zilizotolewa mto Dordogne karibu na Castillon, Ufaransa, katika miaka ya 1970, zipatazo 80, zina nyingi za jamii hii. Mapigano ya Castillon ya mwaka 1453 ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya mwisho katika Vita vya Miaka Mia. Kwa hiyo kabla ya kulaumu, jua unanunua aina gani. Muuzaji asiyeweza kukutajia namba ya Oakeshott ya upanga anaouuza, mwache.

Upande wa pili pia kuna hatari. Bapa likipunguzwa kupita kiasi, au likiwa jembamba tangu mwanzo, linayumba: ukilipiga kofi bapani linatetemeka muda mrefu na ncha inaning'inia ukilinyoosha mbele. Milimita 3 na nusu kwenye kinga ni kidogo mno kwa bapa la sentimita 80.

Ununue kwa nani

Wa kwanza, na sijifichi kwamba naupendelea, ni mfululizo wa Hanwei uliobuniwa na mhunzi wa Marekani Michael "Tinker" Pearce. Hanwei wako China, chuma wanachotumia kwenye mfululizo huu ni 5160, na bapa zinapungua unene kama inavyotakiwa, jambo adimu katika kundi hili la bei. Kuna upanga wa mkono mmoja na upanga mrefu wa mikono miwili, na ipo miundo yenye makali na isiyo na makali. Bapa limefungwa kwa nati iliyozamishwa ndani ya kirungu badala ya msuka kugongwa kama ribiti. Wapenda uhalisia wananung'unika juu ya nati hiyo. Kwa mtu anayeishi Mombasa au Dar es Salaam mimi naiona ni neema: unafungua mpini, unafuta unyevu uliojificha kwenye msuka, unapaka mafuta, unafunga tena. Kwenye upanga uliogongwa ribiti huwezi kufika huko bila kuuharibu. Mapambo yake ni ya kawaida tu, ngozi ya mpini haina madoido, na ala si ya kujivunia. Pesa imeingia kwenye bapa.

Wa pili ni Del Tin wa Maniago, mji wa Italia wenye sifa ya kale ya visu. Panga zao nyingi zinafuata vielelezo vya makumbusho na kwa kawaida huja bila makali, jambo linalomfaa mtu anayetaka kutundika ukutani nyumba yenye watoto. Ukiwa ndani ya Umoja wa Ulaya hakuna forodha, na hapo ndipo bei yao inapoleta maana. Ukiagiza kuja Afrika Mashariki, piga hesabu upya.

Wa tatu ni Windlass wa Dehradun, India, walioanza mwaka 1943. Bei ni nzuri, miundo ni mingi, na panga zao ni nyepesi kuliko za Wahindi wenzao wengi. Lakini unene hutofautiana kutoka muundo hadi muundo, na mingine inaegemea upande wa wembamba, kwa hiyo kwao vipimo vitatu ni lazima kabisa.

Albion wa New Glarus, Wisconsin, nawataja kwa sababu moja. Bei yao imevuka dola 1,000, si nafuu kwa tafsiri yoyote. Lakini miundo yao mingi ni ya Msweden Peter Johnsson, ambaye amepima panga halisi kwenye makumbusho mengi, kwa hiyo vipimo vyao ni rula nzuri ya kulinganishia ule unaotaka kununua kwa theluthi ya bei.

Za dola 60 hadi 100 ni mapambo. Ukitaka pambo, chukua, usiutikise.

Bei ya mlangoni

Wauzaji wanajua kwamba mnunuzi wa mbali harudishi mzigo, na wengine wanaishi kwa kulijua hilo. Picha moja inatumika kwa makundi matatu tofauti ya bidhaa. Bei inaandikwa dola 400 na kufutwa kwa mstari, chini yake 180, wakati haijawahi kuuzwa 400 hata siku moja. "Tayari kwa vita" imeandikwa kwenye kila kitu chenye ncha. Ukiomba unene wanakutumia uzito. Ukiomba tena wanakutumia video ya mtu anakata chupa za maji, ambazo hata panga la shambani linazikata.

Kisha usafiri. Kifurushi cha urefu wa mita moja kinalipiwa kwa ukubwa wake, na upanga mbaya unalipiwa nauli ileile ya upanga mzuri. Tuseme nauli ni dola 120. Upanga wa dola 110 unakuwa 230, wa dola 350 unakuwa 470. Tofauti ya zaidi ya mara tatu dukani imeshuka kuwa mara mbili kabla mzigo haujagusa bandari. Juu yake kuna ushuru wa forodha, kisha VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, inayohesabiwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru kwa pamoja. Panga ziko kwenye fungu 9307 la forodha. Mpe wakala wako namba hiyo, umuulize kwa maandishi kiasi cha ushuru na kama kibali cha polisi kinahitajika, na usilipe muuzaji mpaka ujibiwe. Walioko Uingereza: katazo la mwaka 2008 lililenga panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na zaidi, upanga huu ulionyooka hauhusiki, ila mnunuzi awe ametimiza miaka 18.

Ukishaupata na unaishi pwani, usiuhifadhi ndani ya ala. Ngozi na mbao hunyonya unyevu wa hewa ya chumvi na kuukumbatisha kwenye chuma, na kutu huanzia pale mdomo wa ala unapokutana na kinga. Utundike wazi, upanguse alama za vidole kila baada ya kuushika, upake mafuta ya cherehani utando mwembamba kila wiki mbili, kila wiki wakati wa masika. Madoa ya mwanzo hutoka kwa sufi laini ya chuma na mafuta, ukisugua kwa urefu wa bapa, si kwa mduara, la sivyo mng'aro wa kiwandani utabaki na viraka.