Duka la dawa, mashine ya kioo na namba yangu ya siri

Naandika tathmini hii hasira ikiwa bado haijashuka, mnivumilie. Duka hili la dawa nimelitumia tangu tuhamie upande huu wa Hamilton, Ontario, hapa Kanada, na hadi majuzi kila Mswahili aliyeniuliza nilimwelekeza huko. Mfamasia wao ana subira. Kwa kuwa sioni, chupa zangu huzifunga mpira shingoni: mpira mmoja ni wa presha, miwili ni ya sukari. Aliniuliza mwenyewe ningependa nizitofautisheje, sikumwomba. Nayasema haya kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yanayofanya yaliyotokea yaniume zaidi.

Siku hiyo theluji ilikuwa imeganda njiani. Fimbo haikuwa inaniambia kitu, kwa hiyo nikaenda na mtoto wa mdogo wangu, ana miaka tisa, anishike mkono. Dawa za miezi mitatu zilikuwa tayari. Nikagusisha kadi, ikakataa, mashine ikadai namba ya siri. Hapo kwa kawaida sina shida. Mashine yao ya zamani ilikuwa na vitufe, na kitufe cha 5 kilikuwa na kinundu katikati. Ukikipata hicho, vingine vyote umeshavijua. Nikanyoosha kidole, nikakuta kioo. Kioo kitupu, laini toka juu hadi chini.

Nikauliza vitufe viko wapi. Keshia hakunijibu mimi. Alimwambia mtoto: "Mwambie mama yako anitajie namba, nitambonyezea."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, foleni ikiwa nyuma yangu. Nilisikia makoti yakisuguana. Mtoto akanivuta mkono: "Mama mkubwa, anasema umtajie namba yako." Alinitafsiria kwa Kiswahili, maskini, akidhani ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Mimi ambaye kazi yangu ni kupokea simu za Kiingereza kutwa nzima.

Nikageukia upande wa sauti ya keshia, nikamwambia benki imenikataza kumtajia mtu yeyote namba ile, na pesa zikipotea swali la kwanza litakuwa nani mwingine anaijua. Akanijibu, sasa mimi mwenyewe: "Mbona wenzako wote hunitajia?"

Wenzangu wote. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Nawafikiria wazee wanaochukua dawa pale, wengine wanaishi peke yao, wamesimama kaunta wakitamka tarakimu nne mbele ya watu wasiowajua, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna njia nyingine. Kama unaona, jaribu kuwaza umetakiwa kufanya hivyo kila ununuapo panadol.

Nikafungua pochi. Noti za Kanada kwangu ni rahisi: ni za plastiki, na kwenye kona kuna mafungu ya vinundu. Fungu moja ni dola 5, mawili ni 10, matatu ni 20, manne ni 50. Ya 100 ina mafungu mawili yaliyoachana mbali. Si nukta nundu zile nilizojifunza shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, nikiwa mdogo, lakini kidole kilichofunzwa Lushoto kinazisoma bila taabu, ilimradi noti haijachakaa. Nilihesabu noti tatu za ishirini. Hazikutosha.

Nilikuwa nimeshaanza kumvuta mtoto tuondoke alipotokea binti mmoja kutoka nyuma. Alijitambulisha kwangu, si kwa mtoto. Akaniomba nisubiri kidogo, nikasikia droo ikifunguliwa, kisha nailoni ikichanwa. Alilaza kifuniko cha plastiki juu ya kile kioo, akaniuliza kama anaweza kunionyesha kwa mkono. Nikakubali. Kilikuwa na matundu ya namba, na pale kwenye 5 kilikuwepo kinundu changu! Niliandika namba mwenyewe, nikabonyeza, mashine ikalia. Haikuchukua hata nusu dakika.

Nilitoka pale nimefurahi, niseme ukweli. Njiani nilimwambia mtoto nitawapa nyota nne, kwa ajili ya yule binti.

Nyumbani, nikivua viatu, ile sauti ya nailoni ikanirudia. Ilikuwa inachanwa kwa mara ya kwanza. Nikapiga simu kuuliza kifuniko kile kilikuja lini, nikajibiwa kwamba kilikuja pamoja na mashine. Yaani muda wote huo kilikuwa kwenye droo, ndani ya mfuko wake, na "wenzangu wote" wanatamka namba zao za siri hatua moja kutoka hapo! Ontario ilipitisha sheria mwaka 2005 ikilenga jimbo zima lifikike kwa watu wenye ulemavu kufikia 1 Januari 2025. Sheria hiyo inataka wafanyakazi wafunzwe namna ya kuhudumia watu kama sisi. Tarehe imepita, kifuniko kimenunuliwa, na mtu wa kaunta hajui kipo. Nikashusha hadi nyota moja.

Meneja alisikiliza, hakunikatiza, akasema atawaelekeza wote na kifuniko kitakaa kaunta. Sijui nimpime kwa maneno. Nikimkumbuka mfamasia na mipira yake, moyo unalainika. Nikimkumbuka keshia akiongea juu ya kichwa changu na mtoto wa shule ya msingi, unakaza tena. Nimeacha nyota mbili kwa sasa. Ninyi mnaotumia fimbo, mkikutana na kioo cha namna hii popote pale, ulizeni kifuniko kabla hamjatoa kadi, na msitaje namba hata mkisukumwa na foleni.

Vijiti vya kupimia sukari havikuwepo siku ile, vitafika wiki ijayo. Nitavifuata peke yangu, na noti tano za ishirini kwenye pochi. Kabla ya kutaja jina langu nitapapasa kaunta. Nikikikuta kifuniko, nyota ya tatu naiongeza palepale. Nikiambiwa kiko droo, nahamisha dawa zangu siku hiyohiyo.