Kitoroli cha kutawanyia mbolea: kimeniunguzia ukoka, na bado nakitumia

Nimeshindwa kunyamaza. Kila nikifungua mlango asubuhi nakutana na lile baka katikati ya ukoka, la kahawia, duara kama sinia, na moyo unanichemka upya.

Zamani nilikuwa namwaga mbolea kwa mkono kutoka kwenye ndoo, kama mtu anayelisha kuku. Nyasi zikawa madoadoa: huku kijani cha kukolea, huku manjano. Nikachoka, nikanunua kitoroli, kile chenye sahani chini inayozunguka ukisukuma na kurusha punje pande zote. Siku ya kwanza, nisiwe mnafiki, nilifurahi kama mtoto. Nusu ya mbolea nikapita nayo kwa urefu, nusu iliyobaki kwa upana, zile punje zikatua kwa nafasi utadhani zimepandwa moja moja.

Sasa balaa. Kwenye mpini kuna leva ya kufungua na kufunga kilango cha mbolea. Kati ya leva na kilango kuna waya, na huo waya ni mwembamba, wa aibu kabisa. Mara ya tatu au ya nne hivi kukitumia, ukalegea. Leva nimeirudisha mwisho, mimi najua nimefunga, nikasimama kupokea simu. Wala haikuwa simu ya maana. Kugeuka, kichuguu cheupe cha urea kimekaa juu ya nyasi! Na urea si mchezo, asilimia 46 yake ni naitrojeni tupu; ikirundikana mahali pamoja inaunguza. Nilizoa kwa viganja, nikafagia, nikamwagia maji mpaka pakawa tope. Wapi! Baada ya siku chache nyasi zile ukizishika zinavunjika vidoleni kama majani ya chai.

Nikampigia aliyeniuzia. Nilitegemea walau pole.

"Mzee, mashine haina shida. Wewe hukusoma maelekezo. Mtu hasimami na mbolea juu ya nyasi."

Mzee! Kwa sauti ile ya kumwelekeza mtu njia ya kwenda chooni. Nikamwambia nilifunga. Akasema, "Ungefunga isingemwagika." Akakata.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Maelekezo yanasema funga ukiwa bado unatembea, na mbolea ujazie pembeni pasipo nyasi. Lakini nilifunga jamani! Kisichofunga ni kilango chao.

Nilikuwa nimeshaandika hapa "msinunue kabisa". Nimefuta. Juzi nimekikaza waya kwa plaizi, nimekitumia tena, na kila nikikaribia kusimama nainama kuchungulia kilango kama mpishi anayechungulia ubwabwa. Sehemu nyingine yote imekolea sawasawa, hakuna mistari, hakuna madoa, mpaka wapita njia wanasifu. Na hapo ndipo hasira inaporudi, maana uzuri wenyewe ndio unaolianika lile baka. Enzi za ndoo lisingeonekana, lingejificha kati ya wenzake.

Basi nunueni. Au hapana, nunueni ila waya mbadilishe kabla hamjatia hata punje moja. Na yule bwana akianza na "mzee", muwahi wewe kukata.