Chevelle SS 454 ya 1970 iliyofufuliwa upya: mashine nimeikubali, rangi bado

Gari yenyewe ni Chevrolet Chevelle ya 1970 toleo la SS, yaani Super Sport, ya Kimarekani, bluu ile iliyokolea waliyokuwa wanaiita Fathom Blue, mistari miwili mipana myeupe kwenye boneti na kwenye buti, injini 454 toleo la LS6, gia nne za mkono. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu wa Michigan, Marekani, kaivua yote ikabaki bodi tupu, ikafungwa kwenye stendi ya kuzungushia kama mbuzi wa ndafu ili fundi afikie tumboni bila kulala chini, halafu ikajengwa upya nati kwa nati. Niliikuta imepaki Woodward Avenue upande wa Royal Oak wiki ya Dream Cruise, ile sherehe ya magari ya zamani ya mwezi wa nane, siku ambazo ile barabara kuanzia Ferndale kwenda mpaka Pontiac inajaa V8 (injini za silinda nane) za kizamani mpaka macho yanachoka. Mzee kaniachia niikague kila kona, kaninyanyulia boneti, mwisho kanipandisha tukazunguka, kwahiyo haya ni ya kuona na kushika, sio ya kuangalia picha.

Tuanze na mashine maana watu wote wanaosimama hapo wanasimamia hiyo. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, walikuwa na sheria yao ya ndani kwamba gari la saizi ya kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 400, ilipofika 1970 wakaitupa, na Chevrolet hawakulaza damu, wakapachika 454 ambayo ni lita 7.4 kwenye gari ambalo ndugu yake wa kawaida lilikuwa la kupeleka watoto shule. Zilikuwa mbili, LS5 ya nguvu za farasi 360 na LS6 ya farasi 450, na hiyo LS6 torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ilitangazwa futi-pauni 500, karibu Nm 678. Ila farasi za enzi zile zilipimwa injini ikiwa juu ya stendi, haina eksozi ya gari wala mizigo yake mingine, na viwanda vya Marekani vikabadilisha kipimo kwenye magari ya 1972, kwahiyo usichukue hizo 450 ukazishindanisha na gari la leo la 450 halafu ukaanza kubishana na watu. Pamoja na hayo majarida ya wakati ule yaliipima robo maili ikatoka kwa sekunde 13 na ushee, na zile tairi zao, aisee.

Sasa ukiinamia pale kwenye injini ndo unaona mzee hakuwa anacheza. Bloku na vichwa vyote vimepigwa ile rangi ya chungwa ya Chevrolet, tena vimepigwa vikiwa vimeshafungwa pamoja kama kiwandani, kwahiyo kuna rangi imerukia kwenye shingo za manifoldi za eksozi na imeanza kuungua ikawa kijivu, na hakuifuta. Hiyo ndo akili. Fundi wa maonyesho angesafisha pale pakang'aa kama sufuria jipya la dukani, wakati kiwandani jamaa alikuwa na bunduki ya rangi na laini inatembea, hakuwa na muda wa kuziba manifoldi na karatasi. Juu kuna kabureta ya Holley yenye midomo minne imekaa kwenye manifoldi ya aluminiamu isiyopakwa rangi, klipu za hosi ni zile za mtindo wa zamani zenye kimnara katikati, betri ina sura ya zamani. Na hii injini tapeti zake, vile vinavyosukuma valvu, ni za chuma kitupu, hazijirekebishi zenyewe kwa oili, lazima ufungue kava mara kwa mara uweke nafasi ya valvu kwa mkono, ndo maana ikiwa inawaka imesimama tu unasikia kitu kinagonga tik-tik-tik kidogokidogo. Kuna kijana pembeni akasema inagonga hiyo mzee, inataka kufa. Haifi. Isipogonga ndo uanze kuuliza maswali.

Kitu kilichonifurahisha kupita vyote ni kale kamlango ka boneti. Nyuma kabisa ya boneti, karibu na kioo, kuna kifuniko kidogo kinachoendeshwa na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), ukitembea taratibu kimefunga, ukikanyaga mafuta mpaka chini vakyumu inapungua kinafunguka na kabureta inavuta hewa ya baridi kutoka pale chini ya kioo ambapo upepo unajikusanya gari ikiwa mwendoni. Nilikaa siti ya abiria mzee akakanyaga, kifuniko kikainuka mbele ya macho yangu, na sauti ya injini ikabadilika kutoka kwenye kunguruma ikawa kama inavuta pumzi ndefu, na mimi nikacheka tu kama mtoto. Hakuna skrini, hakuna kompyuta, ni hosi na springi tu.

Haya, tuje kwenye rangi, na hapa mzee atanisamehe.

Chevrolet zilipakwa laka ya akriliki, rangi moja isiyo na kliya, ile rangi angavu ya kufunika, juu yake, na ukweli ilikuwa ya kawaida tu, juu inang'aa vizuri ila ukishuka chini ya milango na ndani ya fremu za milango unakuta pakavu, pana vipele vipele, pengine haijafunika sawasawa. Hii hapa imepigwa rangi ya kisasa ya tabaka mbili, kliya juu, ikapigwa msasa wa maji halafu ikapolishiwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango. Nafasi kati ya mlango na mudgadi zimelingana juu mpaka chini, kitu ambacho kiwandani 1970 hakikuwepo hata kwa bahati. Ni kazi nzuri? Nzuri sana, na imekula pesa na masaa. Lakini huku chini kaacha rangi iliyorukia, kaweka mpaka alama za chaki za wakaguzi wa laini kwenye fremu, halafu juu kavaa nguo ya harusi. Chagua moja mzee wangu. Kama unataka irudi vile ilivyotoka kiwandani basi irudi na uchafu wake wote, na kama unataka ing'ae sema tu unataka ing'ae, hakuna atakayekushtaki.

Kama una gari ya aina hii na hujui ilipakwa nini, chukua kitambaa cheupe cha maikrofaiba, tone la polishi, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari ujue haina kliya, unasugua rangi yenyewe, kwahiyo punguza mkono maana kwenye kingo na mikunjo inaisha haraka na ikitokea praima, ile rangi ya chini, ndo imetoka hiyo. Ya mzee kitambaa kilitoka cheupe. Na usiende na mashine ya kasi kwenye laka ya miaka hamsini na kitu, tafadhali, nimeona watu huku wanasugua kama wanasafisha sakafu.

Ndani sina maneno mengi. Siti za vinaili nyeusi ni za kurudufu ila zimeshonwa vizuri, dashibodi ni ile ya SS yenye geji za mviringo, saa imekufa, na kwa saa za umeme za magari yale hiyo ndo hali yake ya siku zote.

Mwendo wake sasa. Klachi ni nzito, mguu wa mzee umezoea lakini nilimuona anavyokaza paja. Giaboksi ni M22 ambayo meno yake yamekatwa karibu na kunyooka, imara sana ila inalia, kuna mvumo wa gia unaokufuata ukiwa kwenye gia ya kwanza na ya pili na hauzibwi na chochote. Tairi kaweka za kizamani zile F70-14 za herufi nyeupe, ambazo nyuzi zake zimelala mshazari, sio radial za kisasa, zimependeza balaa kwenye zile ringi za SS zenye spoku tano, ila barabarani zinafuata kila mfereji wa lami, muda wote mzee anasahihisha usukani kushoto kulia hata pale barabara ilipo nyooka. Breki mbele diski nyuma dramu, zinashika, ila ukizingatia kinachosukuma kule mbele unatamani zingeshika mapema zaidi. Ningekuwa mimi ningeweka seti mbili, hizi za kupaki na radial za kuendeshea, na wengi wanaotembea masafa wanafanya hivyohivyo.

Kuhusu uhalali wake, hapa ndo watu wanalizwa. Namba ya chesisi ya Chevelle ya 1970 ina tarakimu 13 na inakwambia ni Malibu (jina la hiyo Chevelle ya kawaida) ya V8, milango miwili, mwaka, kiwanda na namba yake ya foleni, basi. Haisemi SS, haisemi 454, wala kile kibati cha pale kwenye ukuta wa injini hakisemi. Maana yake mtu anaweza kuchukua Malibu ya kawaida, akanunua beji, boneti, geji na injini, akakuuzia ndoto, na bodi nzima mpya ya 1970 siku hizi inauzwa kama spea nyingine yoyote. LS6 zinatajwa zilitoka 4,475 mwaka ule, sijui leo ukizihesabu barabarani utapata ngapi. Kwahiyo unatafuta ile karatasi ya kiwandani ya maelekezo ya kuunganisha gari, wakati mwingine ilibaki juu ya tangi la mafuta au ndani ya siti, na unaenda kwenye bloku, upande wa abiria mbele, chini kidogo ya kichwa cha silinda, kuna kibapa kimegongwa herufi za utambulisho wa injini na sehemu ya namba ya gari. Usisome namba tu, piga tochi kwa mshazari uangalie chuma chenyewe, kina mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kukatia bloku kiwandani. Kibapa kikiwa laini kama kioo ujue kuna mtu kakisaga, inawezekana ni fundi alisawazisha tu bloku, inawezekana kagonga namba upya. Ya mzee mistari ipo, karatasi anayo, imeliwa na panya kona moja lakini herufi na namba zinasomeka.

Na hiyo tofauti sio ya majivuno tu. Plymouth 'Cuda ya 1971 ya kufunuka juu yenye injini kubwa ya Hemi, ambayo zilitengenezwa 11 tu, iliuzwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa Mecum pale Seattle 2014. Gari ileile yenye injini ndogo haifiki hata robo ya hapo. Karatasi na namba ndo pesa, rangi inapakwa na yeyote.

Mimi hii Chevelle naipa nane kwa kumi. Moja nimekata kwa rangi, moja kwa zile tairi kwa mtu anayetaka kuendesha. Kama na wewe unaenda kuangalia ya kununua, mpigie muuzaji mapema umwambie asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti kabla hata hujamsalimia. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho, maana V8 kubwa ya kabureta inayoficha kitu inaficha kwenye kuwaka asubuhi ikiwa ya baridi: moshi wa buluu, chok isiyoshika, na ile sauti ya oili inayochelewa kupanda.